Mzee Hezekia na Mapipa Yaliyokatika Kamba

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Hezekia Alute anakabidhi kamba zake, baada ya miaka thelathini na minne ya kufunga mizigo kwenye ghala letu la alizeti hapa Shelui. Nimepewa risala hii niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka kuliko wa wote. Anayebisha alete wake.

Hakuna gunia la Mzee lililowahi kudondoka mlima Sekenke. Lori likifungwa na mtu mwingine, analizunguka kimya, anaupiga mzigo goti, kisha anafungua kamba zote. Mimi kuna siku alinifungulia mara sita. Siku hizi ananifungulia mara moja tu, na huo ni wivu.

Wengi mnacheka mkisikia mtu wa Singida alikuwa mwanamaji. Alikuwa kweli. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, kwenye meli ya kijeshi iliyolinda pwani, na kuogelea hajui mpaka leo. Alasiri moja tufani ikawakuta mbali na nchi kavu. Meli ikalala ubavu, kamba zikakatika, mapipa ya dizeli yakaanza kubingirika juu ya sitaha. Moja likambana mguu mwenzake, Idrissa, kwenye ukingo. Mengine sita yalikuwa yanamfuata hapo hapo.

"Wewe Mnyiramba, rudi ndani!" kamanda akapiga kelele.

"Afande, nikirudi huyu anakwisha!"

Wenzake walikuwa wanavuta kamba za akiba kwa nguvu zote, wanashindana na meli, na meli inawashinda. Hezekia akafunga kama kwao Iguguno wanavyofunga mzigo wa punda akiwa anatembea: goti kwenye mzigo, unasubiri mnyama aelemee upande wa pili, kamba ikilegea tu, unakaza. Meli ikiinama kule, yeye anakaza huku.

"Bado... bado... goti! Vuta!"

Yale sita yakatulia, moja baada ya jingine. Meli ilipoinama tena wakaling'oa lile la saba, wakamburuta Idrissa ndani. Mguu umevunjika, roho ipo.

Kamanda akamuuliza fundo lile alifundishwa chuo gani.

"Na punda wa mama, afande."

Vita vilipoisha wakamwomba abaki jeshini. Akakataa. Alisema ameona rafiki yake akikaribia kufa kwa sababu ya kamba mbovu, sasa anataka kufunga mizigo juu ya ardhi iliyotulia, na aifunge yeye mwenyewe. Ndiyo maana akatufungulia sisi wote, na ndiyo maana matingo wetu wote wa malori wanarudi nyumbani wazima.

Mzee wetu, asante kwa kila kamba uliyoifungua. Nenda Iguguno ukapumzike na mkeo, Mama Rebeka. Mungu akupe miaka mingi, mvua ya kutosha alizeti yako, na upepo uwe mdogo tu.

Shikamoo, Mzee.