Wahib Tadros, Mtunza Siri za Waume Zetu

Miaka thelathini na mbili muuguzi Wahib Tadros amefanya kazi kwenye kliniki yetu ya wanaume hapa Mansura, na tarehe thelathini Juni anavua koti jeupe, anakwenda kupumzika. Mimi ni Umm Shadia wa chai. Wameniambia nimzungumzie kwenye jarida letu la kazini kwa kuwa mimi ndiye wa zamani niliyebaki. Kalamu siijui, kwa hiyo nasema na binti wa mapokezi anaandika. Andika yote, mwanangu, usinipunguzie.

Sifa zake kwanza. Sisi tuko ghorofa ya pili, ya kwanza yuko daktari wa meno. Basi wanaume wa mji huu wanapanda ngazi wameshika shavu. Mtu mzima, masharubu haya, shavu mkononi mpaka ghorofa ya kwanza, halafu anaangalia nyuma, anapanda mbio. Wakifika kwa Wahib hawasemi kilichowaleta. Mmoja eti mgongo unamuuma, mwingine amekuja kumuulizia rafiki yake. Wengi wanasema wamefungwa nguvu za kiume, kuna mtu kawafanyia uchawi. Wahib hacheki. Anamwambia, "Sawa, umefungwa. Lete mkono nipime presha, tuone fundo liko wapi." Hapo mtu ameshakaa. Baada ya muda kidogo ametoa mambo ambayo hata mama yake mzazi hayajui.

Na mimi? Mimi sinia naliacha kwenye kigoda nje ya pazia. Anakunywa chai yangu, anakula biskuti zangu za sikukuu, na ukimuuliza fulani ana nini, anakuuliza sukari iko wapi. Roho iliniuma, sifichi.

Sasa mume wangu Mitwalli, fundi makochi. Kuna mwaka alianza kudai njiwa wa kujazwa mchele, chakula cha kumpa mwanaume nguvu, kila Alhamisi. Nyie mnajua usiku wa Alhamisi ni wa nini kwa mume na mke. Nikapika. Anakula njiwa wawili, analamba vidole, anageukia ukutani, analala. Ikawa miezi. Nikasema, ahaa, njiwa napika mimi, faida anakula mwanamke mwingine. Halafu jirani akaniambia amemwona Jumatatu, siku ambayo mimi siendi kazini, anaingia jengo letu ameshika shavu. Mitwalli meno yote ya kubandika. Shavu la nini?

Mtasema ningejua. Hao wengine walikuwa waume za watu. Wangu nilijua ana mwanamke, basi.

Jumatatu iliyofuata nikafunga nguo kwenye furushi, niende kwa kaka yangu nidai talaka. Lakini kwanza nikapitia kwa daktari wa meno, nikamkagua binti wake wa mapokezi kuanzia viatu. Binti mwenyewe mjamzito, tumbo hili, ananiuliza ni jino gani. Nikapanda juu nikamlilie Wahib, na nani amekaa nyuma ya pazia, anakunywa chai ambayo sikuipika mimi?

Nilisema mengi, hayafai jarida. Wahib angeweza kunipa neno moja tu nikatulia, hakulitoa. Akamgeukia Mitwalli. "Fundi, siri ni yako, siyo yangu. Lakini mkeo anadhani una mwanamke. Chagua lipi lina aibu zaidi."

Mitwalli akatazama viatu vyake. "Umm Shadia," akasema, "kwako wewe nimeshindwa. Huyo mwingine wa nini?"

Kumbe ni sukari, imepanda wala hajui, na juu yake dawa ya presha isiyomfaa. Aliona aibu, akamkimbilia muuza viungo na mitishamba, halafu vidonge vya nguvu vya mtaani. Wahib ndiye aliyevitoa mfukoni mwa Mitwalli, akamwambia, hivi ukivichanganya na ile dawa ya moyo unayomeza pamoja na ya presha, unamwacha Umm Shadia mjane. Daktari akambadilishia dawa ya presha, akamkataza shisha, akamwambia atembee kila siku. Furushi nikalifungua. Yaliyofuata ni ya nyumbani kwangu.

Ila wivu haukuisha, ulihama tu. Mwanamke ningempiga kiatu. Wahib nimfanye nini? Mwanaume nimemzalia, nimemfulia, nimemuuguza, halafu la moyoni anampelekea mtu wa pazia! Hata chai ya Wahib kuna siku niliipika nyepesi kusudi.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita tunakula maharage asubuhi, Mitwalli akaweka mkate chini. Akaniambia mkojo unamsumbua, unakatikakatika, na anaogopa. Nikamuuliza Wahib amesemaje.

"Wahib hajui," akasema. "Nimeanza na wewe."

Nikainuka kwenda jikoni, sina ninachofuata, nikarudi. Nikamleta kliniki mwenyewe. Ni tezi dume imekua, siyo ule ugonjwa mbaya, na dawa ameshaanza.

Kwa hiyo Wahib, asante. Umewarudisha wanaume wengi nyumbani kwao, na wake zao hawajui wakushukuru kwa lipi. Mimi najua, nakushukuru kwa niaba yao. Sote hapa kazini tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mkeo akuchoke polepole. Ukikutana na Mitwalli mkahawani, kaeni, kunyweni, furahini. Lakini zungumzeni mpira.