Edah Nkatha na Shati la Nyumba ya Maskini

Mheshimiwa Mchungaji Kibet, Ndugu Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya hapa ughaibuni, Silver Spring, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Dada Edah tuliyekuja kukuaga, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Adela Mutai. Nimefanya kazi na Dada Edah miaka tisa katika nyumba ya kutunzia wazee. Wengine watamsifu kwa uchapakazi wake. Mimi namsifu kwa udadisi, maana mama huyu ana maswali kumshinda afisa wa uhamiaji.

Mwaka 2004 tulikuwa na Mzee Wayne, miaka tisini na mmoja, na mkewe Bridget, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Meneja akaamua Bridget ahamishiwe ghorofa ya tatu, kwa wanaosahau, na mzee abaki chini. Mzee aliposikia, akaacha kula. Siku ya pili, vilevile. Sisi tukasema ni utu uzima tu. Edah akavuta kiti.

"Mzee, kuna nini huko juu unachokiogopa?"

"Hakuna. Ila mama yangu aliwahi kutenganishwa na wazazi wake mlangoni."

Mlango gani huo? Edah alitaka kujua, na mzee akamweleza.

Mama yake alizaliwa mashambani huko Wales, enzi za Malkia Victoria. Babu yake Mzee Wayne, baba wa huyo mama, alikuwa kibarua wa shamba. Mkokoteni ukamvunja mguu, akawa mtu wa kutembelea gongo, na mwajiri akawatoa katika nyumba aliyowapa. Wakaenda, baba, mama na binti wa miaka minane, kwenye nyumba ya maskini, mahali ambapo mtu asiye na kitu alipewa chakula na malazi kwa sharti la kufanya kazi. Mlangoni walivuliwa nguo zao wakavishwa sare. Kisha wanaume upande wao, wanawake upande wao, watoto upande wao, na ukuta katikati.

Edah hakutosheka. Walikula nini? Uji mwepesi, mkate na viazi, kimyakimya. Walifanya kazi gani? Babu alikaa akichambua kamba kuukuu mpaka vidole vikachubuka. Bibi alifua nguo za nyumba nzima. Walisema lugha gani? Kiwelishi chao, lakini amri zilitolewa kwa Kiingereza.

"Sasa bibi yako alijuaje kama mumewe ni mzima?"

Ndugu zangu, nani kati yetu angewaza kuuliza hilo?

"Kwa shati," mzee akasema. Mashati yote yalifanana, lakini gongo lilichana la babu kwapani, upande wa kushoto. Kila wiki bibi alilitafuta katika rundo, akalishona, akalirudisha. Jumatatu moja mashati yakaja, akayageuza yote, na hakuna lililochanika kwapani. Alipewa habari ya msiba siku iliyofuata. Yeye alikuwa ameshalia.

Edah akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Edah, mambo ya vyumba si kazi yako."

"Ni kweli. Kazi yangu ni kumlisha mzee, naye hali. Kama mama hawezi kubaki chini, kwa nini mzee asipande?"

"Lakini yeye hajasahau kitu."

"Ndiyo sababu, bwana."

Alipewa barua ya onyo kwa kuingilia yasiyomhusu. Lakini wiki hiyohiyo meneja alikwenda mwenyewe kumsikiliza mzee, akakaa saa nzima, na alipotoka akaagiza kitanda cha pili kipelekwe ghorofa ya tatu. Jioni ile Mzee Wayne alikula supu yote. Waliishi pamoja miezi kumi na minne. Mwishoni Bridget hakulijua jina la mumewe, ila tukimpeleka kuoga alikuwa akiuliza, "Yule bwana mpole ameenda wapi?"

Juzi nami nikapata udadisi. Wote mnajua Mwalimu Elkanah, mume wa Edah, yuko nyumbani Meru, na ni miaka kumi na mmoja hawajakaa nyumba moja. Nikamuuliza, "Siku ile ofisini, ulimfikiria Elkanah?"

"Adela, nilipotoka pale nilimpigia simu. Nikamtajia mwaka nitakaorudi."

Mwaka wenyewe ni huu. Anapanda ndege Jumanne.

Dada Edah, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.