Kibao cha Severini

Ukitoka sokoni Ifakara ukashika barabara ya Mlimba, ukifika kwa waziba pancha walio kulia, utatuona upande wa kushoto. Tumekaa kwenye benchi la mninga, migongo tumeegemeza ukutani, nyuso zinatazama barabara. Ukuta ule ulikuwa wa mgahawa wa marehemu mzee Severini. Mgahawa ulifungwa miaka mingi iliyopita, sisi hatujaondoka. Mwenyekiti wetu ni Hermenegildi, tunamwita Hansadi, kwa sababu anadai anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa Ifakara nzima. Tadei tunamwita Injinia, maana ujanani aliwahi kufagia mabehewa. Makame ndiye mwenye birika la kahawa. Mimi ni Katibu, na katibu wa nini utajua sasa hivi.

Kila mwaka mpunga ukishavunwa, tunaufanyia mgahawa ule kumbukumbu, kama marehemu. Tunavua kofia, tunanyamaza kidogo, Hansadi anahutubia, Makame anagawa kahawa na kashata. Wapita njia wengine wanatupa pole na sisi tunazipokea. Mwaka huu hotuba ilituingia, Injinia akalia kwa sauti. Kamati yetu ya kumbukumbu ikaazimia kumpigia simu Febronia, binti wa Severini, aliyekuwa akishona nguo Mlimba. Tukamwambia, simu ikiwa kwenye spika, arudi afufue jiko la baba yake kwani tunakufa kwa hamu. Akatuamini. Aliuza cherehani yake, akaja na sufuria, na siku hiyo ninayoisimulia alikuwa anapika chungu cha majaribio, wali na kitoga, yule samaki wa sharubu wa mto Kilombero. Kesho yake ndiyo alikuwa afungue. Wateja wasipokuja, hana cherehani ya kurudia. Tulijua hivyo wote, huku harufu ya mchuzi ikitupita juu ya vichwa.

Mjadala uliletwa na Venance, mchora mabango. Alikuja na ubao mtupu na makopo ya rangi, akatuamkia vizuri, akasema Febronia anataka kibao kama kile cha zamani. Yeye Venance ni mtu wa Sanje, hajawahi kukiona. Kwa kuwa Febronia ameshikwa na jiko, na sisi ndio wenyewe wa mahali, tumweleze kilikuwa na picha gani.

— Kiboko, alisema Injinia, hata kahawa hajameza. Kiboko ameshika kijiko.

— Unatupiga kamba, alisema Hansadi. Kilikuwa na samaki. Kitoga amevaa tai, sharubu zimetoka huku na huku.

— Kitoga na tai wapi na wapi?

— Chanda chema huvikwa pete. Na shingo njema je?

— Samaki ana shingo, Hansadi?

— Wa siku hizi hawana. Wamepungukiwa na kila kitu.

Makame alikuwa anasuuza vikombe. Akasema wote wawili wamechanganyikiwa. Kibao kilikuwa na picha ya mwanamke amebeba sinia la pilau, kiuno amekigeuza, na jicho moja linakonyeza. Mkewe mwenyewe alimpiga marufuku kupita mtaa huu na birika lake.

— Lakini ulikuwa unapita, nikamwambia.

— Nilipita. Ila nilikuwa napita kinyumenyume, nisimwone.

— Sasa ulijuaje anakonyeza?

— Ndugu yangu, kukonyezwa unakuhisi hata mgongoni.

Venance aliuliza, kwa adabu, sasa achore ipi. Tukamwambia atulie, penye wengi hapaharibiki neno. Akakaa juu ya kopo la rangi ya kijani akaanza kuisugua brashi yake kwa kitambaa.

— Tuliangalie kitaalamu, alisema Injinia. Mlishawahi kujiuliza kwa nini treni zamani zilikuwa zinachelewa?

— Mvua, alisema Makame.

— Kiboko. Dereva akishamwona yule kiboko na kijiko chake, njaa inamshika, anafunga breki.

— Kutoka relini mpaka hapa mtu haoni hata mnara wa simu, alipinga Makame.

— Hakuwa anaona kwa macho, alikuwa anaona kwa tumbo. Abiria wote wanabaki wameduwaa katikati ya mashamba. Mpaka wakubwa wa nchi za mbali, sizitaji, wakasema teremsheni kile kibao, mizigo yetu inaozea njiani. Ndiyo hapo mgahawa ukafa.

— Kwa hiyo mzee Severini alifungiwa na mataifa?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alijibu Injinia, na akaomba kikombe kingine.

Hapo Febronia akachungulia mlangoni, kanga kiunoni, uso umelowa jasho la jiko.

— Wazee, shikamooni. Chakula kimeiva. Karibuni muonje mniambie kama kinafanana.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja. Tukamwambia ahsante sana mama, tupo nyuma yako, ngoja kikao kiishe. Hansadi alivuta hewa kwa pua mpaka macho yakajifumba, akamhakikishia kuwa ladha ni ile ile, haijapungua hata chumvi. Binti wa watu alifurahi, akarudi ndani anaimba. Mimi nilimwonea fahari kama mwanangu.

Hansadi alisubiri pazia litulie, ndipo akaomba kurekebisha kumbukumbu za kikao.

— Kibao hakikuteremshwa na mtu, alisema. Na nakubali, alikuwa kiboko. Kitoga nilimchanganya na kalenda moja ya nyumbani.

Injinia akaketi wima.

— Mwaka ule wa mafuriko, aliendelea Hansadi, maji yalifika pale kwenye mtaro. Usiku viboko wa mtoni wakawa wanaita. Yule wa kwenye kibao akawasikia ndugu zake. Damu nzito kuliko maji, bwana, hata kama ni damu ya rangi. Akajibandua ubaoni, akateremka, akavuka barabara.

— Wewe ulimwona?

— Nilisikia mlango wa karakana ya waziba pancha ukigongwa. Alikuwa anaomba njia. Sasa nenda kule darajani uwaulize wavuvi. Watakuambia kuna kiboko mmoja ubavuni ameandikwa HOTELI.

— Na kijiko? aliuliza Injinia kwa sauti ndogo.

— Anacho mpaka leo. Wenzake wanang'oa majani kwa mdomo. Yeye anachota.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Injinia, machozi yakimlengalenga, maana kiboko wake ameshinda. Mimi nikasema mgahawa ulikufa kwa huzuni ya kukimbiwa na kiboko, na hoja yangu ikaungwa mkono. Venance akafungua rangi ya kijivu akaanza na makalio.

Alikuwa amefika kwenye sikio alipotokea Msukuma mmoja, mtu wa makamo, fimbo kwapani. Alikuwa ametoka kijiji cha Mbingu kuuza ng'ombe na alisikia njaa. Aliuliza kama hapa wanauza chakula. Tukamwelekeza mlango kwa kidole, akainua pazia akaingia. Kwa muda mrefu tukawa tunasikia kijiko kikigonga sahani, na sauti ya Febronia ikimuuliza kama aongezwe mchuzi. Akaongezwa. Alitoka mikono imelowa, akashukuru kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akatuamkia. Hansadi akamsogezea nafasi kwenye benchi ili na yeye apate historia.

Alipewa yote, kuanzia treni mpaka kijiko cha mtoni. Alielezwa kumbukumbu za kila mwaka, kofia mkononi, na jinsi tulivyomrudisha Febronia kutoka Mlimba kwa mapenzi tuliyonayo. Alisikiliza vizuri sana, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Kisha akauliza.

— Samahani wazee wangu. Enzi hizo za baba yake, ninyi mlikuwa mnapenda kula nini humu ndani?

Lori la miwa lilipita. Tukalisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

— Kwa ujumla, alisema Injinia, kilikuwa chakula cha mchana.

— Mimi nilikuwa kazini, alisema Makame, akalitazama birika.

Tukamgeukia Hansadi, mwenye kukumbuka kila neno. Alikohoa. Akasema swali ni zuri na majibu yake yataletwa. Kisha akaniangalia mimi, Katibu. Nilitafuta kichwani nikakuta benchi, nikakuta kahawa, nikakuta vumbi la barabara na magari yote yaliyowahi kupita. Cha ndani sikukuta hata rangi ya meza.

Febronia alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Mkononi alikuwa na sahani ya yule mgeni, imefutwa mpaka inang'aa. Hakukasirika, na heri angekasirika. Aliinama akamtazama kiboko wa Venance.

— Huyu ni nani?

— Ndiye wa kwenye kibao cha mzee, alisema Venance. Wazee ndivyo wanavyokumbuka.

— Kibao cha baba hakikuwa na picha, alisema Febronia. Kilikuwa na maneno mawili tu. Aliyaandika mwenyewe kwa chokaa, yakififia anayarudia: KARIBUNI NDANI.

Hansadi aligeuza shingo polepole akatazama ukuta juu ya kichwa chake. Misumari miwili ilikuwa bado ipo, imeota kutu. Miaka yote kilikuwa juu ya visogo vyetu, na sisi tumekipa mgongo tunatazama barabara.

Venance alimfuta kiboko kwa mafuta ya taa, akayaandika yale maneno mawili kwa herufi kubwa. Akashika nyundo, akauliza akitundike palepale juu ya benchi, kwenye misumari ya zamani.

— Hapana, alisema Febronia. Kavuke barabara, ukawaombe waziba pancha wakuazime ukuta wao. Kitundike kule, hawa wazee wakikaa wakione.

Akavuka. Tukamsikia anapigilia. Alipoondoka pembeni tukakisoma wote kimyakimya, na Injinia midomo ilikuwa inacheza kama anayejifunza kusoma. Makame aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Hansadi, halikutoa tone. Msukuma aliaga akaenda na fimbo yake.

Febronia alikuwa bado amesimama mlangoni, pazia amelishika pembeni kwa mkono mmoja, harufu ya kitoga inatoka. Hansadi alinitazama. Mimi nikamtazama Injinia, Injinia akamtazama Makame, na wote wanne tukabaki tumekaa, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze kuinuka.