Aliyeifundisha Karanga Kulala

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, karibuni. Mchapaji alizitaka karatasi hizi tangu juzi asubuhi. Tulimwambia asubiri mpaka jana jioni, naye alinuna kidogo, lakini akasubiri. Sababu mtaisikia mbele. Mkiona wino unapaka vidole, msimlaumu yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, saa moja asubuhi, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya ghala la pamba alilolinda baba yetu. Alikuwa mtoto wa sita na kitinda mimba. Mimi ninayeandika ndiye kifungua mimba. Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo mgongo wangu ulimjua kabla miguu yake haijaijua ardhi. Alikuwa mtoto wa usingizi. Alilala akilishwa, alilala akiogeshwa, na mara moja alilala amesimama, ameshikilia mlango wa ghala, mpaka tukadhani anaumwa. Mama akasema, "Mwacheni, huyu analipia usingizi wa baba yake." Baba alikuwa akikesha kazini.

Alianza shule ya msingi Januari 1966. Mwalimu wa darasa la pili ndiye aliyempa jina la Usingizi. Alimkuta amelaza kichwa juu ya dawati, akamgusa na chaki na kumuuliza saba mara nane. "Hamsini na sita," akajibu, akakirudisha kichwa palepale. Mwalimu akaliambia darasa, "Huyu mwacheni alale. Ninyi mlio macho ndio mnaonitia wasiwasi." Jina likamganda.

Alipokuwa na miaka tisa, mvua ilirudi wakati karanga za mama zimekomaa zikisubiri kung'olewa, na mama alikuwa kitandani na homa. Alipopata nafuu alikwenda shambani, akavuta shina la kwanza, na chini yake kulikuwa na machipukizi matupu, meupe, yamejikunja. Shina la pili vilevile. Mama akakaa chini. "Zimeamka kabla hazijaitwa," alisema. Mdogo wangu akamuuliza, "Mama, nani wa kuzilaza?" Sitaki kusema kwamba hapo ndipo alipochagua kazi yake. Siku ileile aliuliza pia ni nani anayezima mwezi. Lakini lile la mwezi alilisahau.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akachaguliwa kuingia chuo cha kilimo. Shangazi yetu aliposikia alishika kiuno. "Jembe nalo lina cheti? Mimi nalima tangu sijaota meno, sijaona aliyenipa karatasi." Baba akamjibu, "Ndiyo maana mpaka leo uko na jembe." Walinuniana wiki nzima, lakini shangazi ndiye aliyemshonea sare.

Tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao. Alipelekwa kwenye karanga kwa sababu wenzake wote walikimbilia mahindi. Kwa wasioijua kazi ile, ua la karanga linajioza lenyewe. Dume na jike wamo ndani ya kifuko kimoja, na harusi huwa imekwisha kabla ua halijafunguka vizuri, bila mshenga wala shahidi. Anayetaka kuchanganya aina mbili lazima afike jioni, alifungue ua changa kwa kibano, aondoe sehemu za kiume bila kuliumiza, alifunge uzi wa rangi ili alitambue, kisha arudi asubuhi na mapema na chavua ya aina nyingine. Ua likinyauka, kijiti chembamba hushuka na kujichoma ardhini, na huko gizani ndiko mtoto anakokulia. Mengi hayashiki. Mdogo wangu aliyapigia magoti maua hayo miaka thelathini na sita, na suruali zake zote zilitobokea magotini. Asiyemjua angedhani alituzidi sisi kwa kusali.

Alichokitafuta kilikuwa kitu kimoja. Karanga za muda mfupi hukomaa kwa miezi mitatu, lakini hazina usingizi: mvua ikizikuta zimekomaa, huota palepale, na mkulima huvuna machipukizi kama mama yetu. Za muda mrefu hulala hata mvua ikinyesha, lakini kabla hazijakomaa mvua huwa imekwisha zamani. Yeye alitaka mtoto mwenye haraka ya mama na usingizi wa baba. Wenzake kituoni wakaanza kumwita Mama Usingizi, bila kujua kwamba jina hilo alikuja nalo. Siku aliyotusimulia nyumbani, mama alicheka mpaka akatafuta pa kuegemea.

Miaka ile watu walimtania kwamba anaoza maua tu, yeye mwenyewe ataolewa lini. Basi mwaka 1985 fundi pampu aliitwa kwenye nyumba ya kitalu kuziba bomba linalovuja. Alipomaliza aliona mimea imejaa vipande vya uzi mwekundu na wa buluu. Akadhani ni uchafu, na kwa wema wake akavitoa vyote, akafagia na sakafu. Mdogo wangu alipoingia alisimama mlangoni asijue aanzie wapi.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimekusafishia, dada."

"Umevunja ndoa za msimu mzima."

Fundi alipoeleweshwa alivua kofia. "Basi niruhusu nije jioni nikusaidie kuzifunga upya."

"Mkono huo wa spana?"

"Nifundishe."

Alikuja kila jioni mpaka maua yakaisha, na maua yalipoisha akaendelea kuja. Walifunga ndoa tarehe 13 Septemba 1986, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji husema kwamba alivunja nyingi akapata moja, na faida imebaki kwake.

Mwaka 1988 marehemu alikwenda chuo kikuu, na watoto wakakaa kwangu mpaka alipohitimu mwaka 1991. Kila likizo aliwasimamisha ukutani, akawapima kwa kamba na kulinganisha na likizo iliyopita. Nilimwambia, "Hawa si miche, wewe." Akasema, "Miche yangu haiibi sukari."

Kazi yenyewe haikumbembeleza. Aina ya kwanza aliyoitegemea, mwaka 1997, ililala vizuri, lakini ganda lilikuwa gumu kupita kiasi. Mama alilivunja kwa jiwe, kisha akamwambia, "Mwanangu, hii haijalala, imejifungia." Nyingine, mwaka 2008, ililala ikapitiliza: ilipopandwa msimu uliofuata ilikataa kuamka. Siku hiyo alikuja kwangu, akaketi jikoni bila kuvua viatu vya shamba, akasema, "Dada, nimeipa usingizi wangu wote." Wala hakuwa anatania. Yule mtoto aliyelala amesimama alikuwa sasa mtu wa kuamka saa tisa usiku kutazama mawingu.

Alistaafu mwaka 2018, lakini kituo kilimwachia kipande pembeni mwa shamba, na binti mtafiti aliyeshika nafasi yake akawa anakwenda naye. Karanga yake ya mwisho bado ina namba tu, haina jina. Kwenye visahani vya maabara ililala wiki mbili na zaidi, kisha ikaamka ilipotakiwa. Kilichobaki ni kuijaribu shambani, ikiwa imekomaa, chini ya mvua ya kweli. Misimu mitatu mfululizo mvua ilikatika mapema. Katika mtaa mzima, yeye peke yake ndiye aliyelalamikia jua wakati wa mavuno.

Ugonjwa wa moyo ulianza mwaka 2022, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alituita akatueleza kwamba moyo umekuwa mkubwa kupita kawaida. Shemeji akamjibu, "Hilo tunalijua, daktari. Tuambie la kutibu." Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi shambani akiwa amebebewa kiti. Tarehe 30 Novemba mwaka jana alisimamia upandaji wa mwisho akiwa amekaa, akipaza sauti kila mtu alipopinda mstari.

Karanga zilikomaa mwisho wa Februari, naye alikuwa amelazwa hospitali. Na mvua ikaja. Ilinyesha siku baada ya siku, majirani wakilia na mavuno yao, yeye akisikiliza bati la wodi kama mtu anayesikiliza redio. Agizo lake lilikuwa kwamba karanga zikae ardhini wiki mbili kamili, mpaka tarehe 14 Machi, pasiwe na mkono wa kuzigusa.

Katika wiki ya pili, msimamizi wa shamba alikuja kumwona, maji yakimdondoka. Alimwona alivyodhoofika, akainama. "Mama, kesho niking'oa mashina mawili nikuletee uone?"

"Wiki mbili zimetimia?"

"Bado, Mama."

"Basi ukiyang'oa utaniletea karanga. Mimi sitaki karanga, nataka jibu."

Shemeji akageukia dirishani. Mimi nikasema, kwa sababu lazima mtu aseme, "Mdogo wangu, na jibu lisipokukuta?"

"Lisiponikuta mimi litakukuta wewe, dada. Wewe si hufi."

Tulicheka sote, na muuguzi akaja kutuuliza kama tumesahau tuko wapi.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa kumi alasiri, mume wake akiwa amemshika mkono. Wengi wameuliza maneno yake ya mwisho. Aliomba dirisha lifunguliwe, asikie kama mvua bado inanyesha. Ilikuwa inanyesha. Akasema, "Vizuri," akafumba macho.

Jana, tarehe 14, tulikwenda shambani, familia na watu wa kituo, ndiyo maana mchapaji alisubiri. Tulianza na mistari ya aina ya zamani, iliyopandwa kando ili kulinganisha. Msimamizi alivuta shina, na nikaona nilichokiona nyuma ya mama yangu nikiwa msichana: machipukizi meupe yaliyojikunja, kila karanga imeamka. Kisha tukahamia kwenye mistari yake. Shemeji alisema shina la kwanza ni lake. Alilivuta polepole, kwa ule mkono wa spana, akalikung'uta tope, akalisuuza kwenye dimbwi. Maganda yalikuwa yamefungwa. Alipasua moja, na ndani punje mbili za rangi ya waridi zimelala, ngozi haina hata ufa. Akapasua jingine, na jingine. Mstari wa pili ukawa hivyo, na wa tatu. Kuna mashina machache yaliyokuwa yameota, nami naliandika hili kwa sababu nikilificha, marehemu atainuka kunisahihisha. Machache. Binti mtafiti alipiga magoti kwenye tope kama alivyofundishwa, akahesabu yote, kisha akaniinulia uso. "Zimelala, Mama mkubwa," akasema. Mvua ilisema kwa niaba yetu.

Mbegu hizo zimeanikwa kituoni, na zitapandwa msimu ujao.

Marehemu ameacha mume. Mtoto wa kiume, fundi umeme, na binti, mkunga. Mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wajukuu wanne, ambao wa mwisho wao hulala popote pale. Kaka mmoja, dereva mstaafu. Mimi dada yake. Wapwa na mashemeji wengi. Na wenzake wa kituoni, aliowaona kama nduguze.

Mdogo wangu, jibu limenikuta. Umezilaza. Sasa nasi tunakulaza wewe, hapa, kwenye udongo uliolowa kama ulivyoupenda. Lala kwa amani, mpaka atakapokuita Mwenye kuita.