Nani Atamwambia Dalali Apunguze?

Benchi ni langu, tuelewane hapo kwanza. Mimi Editha nililichongesha kwa fundi seremala, nikamlipa kwa kumshonea suruali mbili, nikaliweka nje ya banda langu la cherehani hapa Kilakala, pale barabara inapoanza kupanda mlima, ili wateja wangu wapate pa kukaa. Wateja wenyewe siku hizi wanasubiri wamesimama. Benchi wamelichukua wanaume wa kahawa. Mosi mwuza kahawa tunamwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia. Ametua birika na jiko lake mwisho wa benchi kana kwamba ni kwao. Nasibu tunamwita Wakili, maana tangu astaafu kiwandani anashinda mahakamani akisikiliza kesi zisizomhusu. Abdulatif, kijana anayeandika mabango ya maduka, ni Brashi, na hukalia kopo lake la rangi hata benchi likiwa tupu. Siku hiyo ilikuwa mchana, wingu limeshuka mlimani mpaka usawa wa mashamba ya migomba, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Wa nne ni Mzee Abeid, na yeye ndiye aliyetutia joto. Nyumba yake iko hapo juu, tunaiona kutoka benchini. Ni nyumba nzuri, ila njia yake ni ya mawe matupu. Mkewe Zuleha alipatwa na kiharusi, mguu mmoja haumsikii. Akienda kliniki, Mzee Abeid humbeba mgongoni mpaka barabarani, na umri wenyewe huo. Masika yaliyopita waliteleza wakaanguka wote wawili, nikawasikia wakilia pale kwenye mawe, nikatupa kitambaa cha watu nikakimbia. Kwa hiyo anauza. Ana kiwanja Mikese, tambarare, kuta zimeshafika kwenye lenta, na dalali Athanas alisema kesho analeta mnunuzi. Ila Athanas anataka asilimia kumi, na Mzee Abeid ameshapiga hesabu zake: kumi ya Athanas ndiyo bati za Mikese. Akimpa yote, wanahamia kwenye kuta zisizo na paa, mvua hii hapa.

Mzee Abeid: Nataka nimwambie apunguze. Achukue tano. Mnaonaje?

Redio alikuwa anamimina. Kahawa ikamwagikia vidoleni na hakusema hata "ah".

Redio: Umwambie nani? Athanas?

Mzee Abeid: Ndiyo. Kwani kosa?

Redio: Mzee wangu, tulia kwanza, kunywa hiyo kahawa. Kuna mama mmoja Kihonda alimwambia dalali apunguze. Mpaka leo nyumba anayo.

Mimi: Dalali alikataa?

Redio: Angekataa ingekuwa heri! Alicheka. Dalali akicheka, Da Editha, ujue umekwisha. Kila mteja aliyempeleka pale alimnong'oneza njiani, "Nyumba nzuri sana hii, ila usije na watoto."

Brashi: Ila kwa nini?

Redio: Ndiyo hapo sasa. Hakumalizia. Ungenunua wewe?

Brashi akasema hanunui hata kwa bunduki. Mzee Abeid akaangalia nyumba yake juu kule, na mimi nikaiangalia. Sijui kwa nini, dirisha la upande wa kushoto likanitisha kidogo.

Wakili: Hayo ni madogo. Watoto wa mtu wanaachwa kwa shangazi, basi. Tuzungumze sheria. Wewe Abeid ni Mluguru wa Mgeta, au nakosea?

Mzee Abeid: Hukosei.

Wakili: Athanas anayo pikipiki. Ukimuudhi leo, kesho yuko Mgeta kwa wajomba zako. Atawaambia, "Mpwa wenu anauza ardhi ya upande wa mama bila kuwaambia." Unawajua wajomba.

Mzee Abeid: Kiwanja hiki si cha ukoo. Nimekinunua kwa karoti zangu, nazibeba kichwani toka kule juu!

Wakili: Nani kasema hukununua? Kesi haihitaji ukweli, inahitaji wajomba. Watashuka watano na makoti yao ya baridi, watakaa mstari wa mbele pale mahakamani, hakimu akiwaona tu anaweka zuio. Zuio likishawekwa, hata Zuleha kumshusha hapo utaulizwa umepata kibali wapi. Wahenga hawakukosea: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Brashi: Ina maana gani hiyo?

Wakili: Maana yake, usipatane na dalali.

Mimi: We Wakili! Hata bwawa la Mindu hujawahi kutia mguu, tezi na omo za jahazi umezijulia wapi?

Nilicheka peke yangu. Mzee Abeid alikuwa ameweka kikombe chini, anawahesabu wajomba zake kwa vidole. Wajomba ndio wenye ardhi ya ukoo, wanaogopwa huku, hata na mtu mwenye mvi. Nikaacha kucheka.

Mzee Abeid: Basi nitafute dalali mwingine, wa bei nafuu.

Brashi: Thubutu! Mzee baba, madalali wa Moro nzima wana grupu la wasapu. Ukimzingua mmoja, wote wanakupiga chini, Msamvu mpaka Bigwa. Picha yako inarushwa. Inaandikwa chini, "Huyu hapana."

Redio: Wakishakuandika hapana, ndipo zinaanza zile za Mazimbu.

Mimi: Zipi tena?

Redio akainamia jiko na kushusha sauti. Redio akishusha sauti mimi huingiwa na ubaridi, maana si kawaida yake.

Redio: Kuna nyumba kule, mwenyewe alimpunja dalali. Sasa kila mnunuzi akifika mlangoni anashikwa na kwikwi. Kwikwi hiyo si ya maji kidogo ikaisha! Hawezi kuongea, hawezi kuuliza bei, mpaka arudi barabarani. Akirudi barabarani imekwisha. Akigeuka tena mlangoni, hik!

Brashi: Astaghfirullah.

Wakili: Mimi nilisikia ni chafya.

Redio: Zilianza chafya. Zikakomaa.

Usidhani nakusimulia haya kwa kuwacheka. Mguu wangu ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani zamani. Nilimfikiria Zuleha juu kule, mguu mmoja haumsikii, halafu nyumba ya kwikwi, halafu mvua. Nikamwambia Redio anipe na mimi kikombe.

Wakili: Mimi nawaulizeni jambo. Huyo mnunuzi wa kesho, nani amemwona?

Mzee Abeid: Athanas alisema ni mama mmoja mstaafu.

Wakili: Alisema. Umesikia sauti yake kwenye simu?

Mzee Abeid: Hapana.

Wakili: Basi hayupo! Athanas anainunua mwenyewe kwa jina la mtu. Ndiyo maana anataka kumi, akukamue huku na huku. Au keshaiuza, wewe hujui. Kesho unaamka unakuta watu wanashusha makochi yao uani, na Zuleha amekaa hapo hapo kitandani kama sehemu ya bei.

Mzee Abeid: Usiseme hivyo, Nasibu. Nakuomba. Usimtaje mke wangu hivyo.

Alisema taratibu. Wakili akaomba radhi, akasema sheria ndiyo inavyosema, si yeye. Hapo ndipo Brashi alipoinuka kutoka kwenye kopo lake. Natamani kopo lingekuwa tupu siku hiyo.

Brashi: Oya, sikilizeni, mchongo huu hapa. Ule ukuta wako wa chini, Mzee, unaozuia udongo, si unaangalia barabara? Tunapiga pale maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi kubwa. Nakupa bure.

Mzee Abeid: Lakini naiuza.

Brashi: Ndiyo maana nakwambia sikiliza! Athanas akipita jioni na pikipiki yake, anasoma. Anashtuka. Anajua kumi imeota mbawa. Atakuja mbio hapa hapa benchini, "Mzee, vipi tena, basi nipe hata tano, nipe hata nne." Wewe hujaomba kitu! Yeye ndiye kaomba. Mdomo wako msafi.

Wakili: Na kama alikuwa anaiuza kwa siri, hawezi tena. Maandishi hayo ni kinga. Mjini watu wote wanayaandika.

Redio: Na wajomba wakishuka wakasoma haiuzwi, wanageuza. Wapande mlima wao.

Jambo lote likawa limekaa sawa, ndugu yangu, kama nguo iliyopigwa pasi. Hakukuwa na pa kuingiza sindano. Hakuna wa kumwambia Athanas neno, ukuta utasema wenyewe. Mzee Abeid akaniangalia mimi, maana mimi ndiye mwanamke pekee pale, na Zuleha ni shoga yangu.

Mzee Abeid: Editha, wewe unasemaje?

Nikasema, "Bora hivyo kuliko kumuudhi." Ndivyo nilivyosema.

Brashi alipanda na kopo lake, na tukamwona kutoka benchini akiandika. Mkono wa yule kijana ni mzuri, hilo simnyimi. Herufi zilitoka nene, zimenyooka, unazisoma toka kona ya pili. Alirudi anajifuta vidole kwa kipande cha kitenge alichokiokota kwangu bila kuomba. Tukanywa kikombe kimoja kwa amani. Mzee Abeid hata kashata alikula.

Hapo akaja mama mmoja anatembea kwa miguu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwavuli kwapani, viatu vya kuheshimika. Alikuwa anatoka upande wa nyumba ya Mzee Abeid, wala hatukumwona akipanda. Akasimama mbele ya benchi.

"Shikamooni," akasema, akimwangalia Mzee Abeid na Wakili.

"Marahaba."

"Naitwa Bernadeta. Kesho naletwa na dalali kuangalia nyumba huku, ila nimeona leo nipite peke yangu, nione majirani, niulize habari za maji. Dalali hawezi kukwambia habari za maji. Sasa nyumba aliyonionyesha kwenye picha nimeiona, ni ile pale, lakini imeandikwa haiuzwi. Rangi yenyewe mbichi." Akatuonyesha ncha ya kidole, nyekundu. "Mwenye nyumba ni nani?"

Redio akainamia jiko akaanza kupuliza makaa.

Mzee Abeid akainuka. "Ni mimi, mama. Na inauzwa. Usijali yale, inauzwa."

"Aliyeandika nani?"

"Ni sisi. Ni mimi."

"Unamzuia nani? Kuna mtoto anaiuza kwa siri? Kuna kesi?"

"Hakuna, wallahi. Hakuna kesi. Ni dalali. Nilitaka Athanas apunguze asilimia zake."

Mama Bernadeta akamwangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Ulimwomba apunguze," akauliza, "akakataa?"

Barabarani ilipita bodaboda. Wakili alikuwa anachunguza kucha zake. Brashi amekalia kopo, uso chini. Sisi hawa ambao tukinunua fungu la mchicha sokoni Sabasaba tunapatana mpaka muuzaji anatuomba tuondoke! Mimi mwenyewe kila mteja anayeingia bandani kwangu ananitajia nusu ya bei kabla hajaketi, na sijawahi kumrushia mtu kwikwi. Nani kati yetu alimwomba Athanas? Hakuna.

"Maana yeye aliniambia," mama akaendelea, bila hasira, "kwamba kumi ni ya kuanzia. Kasema anashangaa, mzee huyu hajamwambia chochote, wenzake wote humwomba."

"Mama," Mzee Abeid akasema, "twende juu sasa hivi uione. Mke wangu yupo, atakukaribisha. Yale maandishi yanafutika."

"Yanafutika kwa mafuta ya taa," Brashi akadakia. "Dakika sifuri."

Mama Bernadeta akatikisa kichwa, na hapo nikaona kwamba na yeye anaogopa, tena kuliko sisi. Akaubana mwavuli kifuani.

"Dada yangu alinunua nyumba iliyofutwa maandishi kama hayo. Aliambiwa hivi hivi, usijali. Mpaka leo yuko mahakamani, na muuzaji alikuwa mzee mpole kama wewe. Mafao yangu yote ndiyo hii nyumba, baba. Sina mengine. Mnisamehe. Kuna moja Bigwa nitakwenda kuiangalia."

Mzee Abeid alimfuata hatua chache barabarani, mkono mbele, kisha akaushusha. Mama hakugeuka. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, yale manene, na Redio akafunika jiko lake kwa sinia akasema kahawa imekwisha, ingawa birika lilikuwa zito bado. Wakili akaanza, "Wahenga walisema," na mimi nikamwambia wahenga wakae kimya leo, na yeye akae kimya, na atoke kwenye benchi langu.

Simu ya Mzee Abeid ikalia. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huongea kwa spika ya simu, na sote tukamsikia Zuleha, ile sauti yake inayoburuza tangu augue.

"Baba Shakila, mgeni ni wa leo au wa kesho? Nimemwona dirishani mama mmoja amesimama pale chini muda mrefu, anaangalia ukuta wetu, kisha akaondoka mbio. Nimevaa tayari, nimesogea mpaka mlangoni, ila kushuka ndiyo siwezi." Akapumua. "Ukuta una nini?"

Mzee Abeid akatusogezea simu, mmoja mmoja, kana kwamba kuna mmoja wetu angejibu. Aliponifikia mimi, nikageuza uso.

"Baba Shakila? Una nini ukuta?"