Enid Barraclough na Vijineno vya Kufikia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Enid Barraclough, mwalimu wa lugha wa hapa Keighley, kaskazini mwa Uingereza. Alifariki Jumanne katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Alitaka kurudi kwake. Hakurudi.

Maisha yake yote Enid alichunguza jinsi Waingereza wanavyosema mtu anakwenda wapi. Sisi kwa Kiswahili tunasema, "Aliingia jikoni akikimbia." Mwingereza huanza na mbio, kisha hubandika kijineno kidogo nyuma yake, "into", na kijineno hicho ndicho kinachomvusha mlango. Angebandika kingine, "towards", mkimbiaji angeelekea tu jikoni, asifike. Enid alivipenda vijineno hivyo kama wengine wanavyopenda maua.

Hakuvitafuta vitabuni. Aliwaalika majirani chai, akamtia ufunguo bata wa kuchezea wa bati, akamwacha atembee mezani. Kisha aliuliza, "Amefanya nini?"

"Bibie," jirani yake Clifford alimwambia siku moja, "mimi nimekuja kunywa chai, sikuja kutoa ushahidi."

"Toa ushahidi kwanza. Keki baadaye."

"Haya, bata amefika kwenye sukari. Ana bahati. Mimi bado naingojea."

Enid alicheka huku akiandika.

Kisha kiharusi kikampiga. Majina ya vitu yalibaki, vitenzi vichache vikabaki. Vijineno vya kuviunganisha vikapotea. Na Enid alijua hasa kilichopotea, wasikilizaji. Wagonjwa wengine huhisi pengo tu. Yeye alilifahamu pengo lake kwa jina.

Mdogo wake, Muriel, alimpelekea yule bata wodini.

"Haya dada, amefanya nini?"

"Bata... tembea... kikombe."

"Umeweza, mpenzi."

Enid akatikisa kichwa. Walirudia siku baada ya siku. Bata alifika kwenye kikombe kila mara, Enid hakufika.

Akaja afisa wa ustawi wa jamii kuamua kama anaweza kuishi peke yake. Nyumba yake ilitegemea mazungumzo hayo.

"Bi Enid, ukizidiwa ukiwa peke yako, utafanyaje?"

"Kutembea," Enid alisema. "Clifford... mlango..."

Akakwama hapo. Midomo ilikuwa ikitafuta. Muriel aliona jasho kwenye paji la uso la dada yake, akashindwa kuvumilia.

"Anasema atakwenda kugonga kwa jirani."

"Mama, namuuliza yeye."

Lakini Enid alikuwa ameshafunga mdomo. Aliulizwa tena kwa upole. Akageukia ukutani. Ikaamuliwa abaki kwenye nyumba ya wagonjwa, na tangu siku ile alikataa mazoezi ya kusema. Muriel akileta bata, Enid alimsukuma pembeni.

"Nilidhani namsaidia," Muriel alituambia. "Pengine alikuwa karibu kulipata neno. Pengine hakuwa karibu hata kidogo. Nani ataniambia sasa?"

Tungependa kuwaambia kwamba subira ingemrudisha Enid nyumbani kwake. Waliomtibu hawadhani hivyo.

Pole sana, Muriel. Pole, Clifford, na wote mliokunywa chai mezani pale. Nanyi wasikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mtu anayehangaika na neno, kaeni karibu naye. Huenda neno lisije. Mngojeeni hivyo hivyo.