Kasimiro Yangi, Mchonga Vikaragosi wa Arua

Wazee wetu wa Dranya, nanyi mliotoka Arua mjini, familia imenituma mimi Asiku, mtoto wake wa pekee, niwasomee maisha ya baba yetu Kasimiro Yangi, nami nitayasoma yote.

Alizaliwa hapa Dranya, Koboko, tarehe 4 Machi 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na huko bruda mmoja Mwitaliano akamfundisha kuchonga vikaragosi, vile virefu vya kufika kiunoni, vyenye ufito wa chuma uliopenya kichwani na mwingine mkononi, ambavyo vikitembea husikika miguu ikigonga mbao za jukwaa. Mwaka 1946 alihamia Arua kwa kazi hiyo, na tarehe 11 Januari 1948 akafunga ndoa na mama yetu Mindra, aliyevishonea nguo.

Mnamo Desemba 1974, Bwana Jale, mwandalizi wa tafrija za wakubwa, aliagiza kikaragosi chenye sura ya mwalimu Soro, jirani yetu aliyechukuliwa na gari la askari na hajarudi mpaka leo, ili wageni wakione kikichapwa kiboko huku wakila nyama. Baba alirudi nyumbani akasukuma sahani, akasema anaona kinyaa hata kushika patasi. Siku ilipofika alipanda jukwaani mikono mitupu, akamwona Hajara, mke wa Soro, amekalishwa kiti cha mbele ili acheke na wengine, akasema, "Soro iko mutu, hapana kitu ya kuchezea." Askari waliokuwapo walimvunja vidole palepale kwa nyundo, naye alituambia kwamba kilichomtapisha hakikuwa maumivu, ila kuwaona wageni wanaendelea kula.

Hakushika ufito tena, akatufundisha mimi na mama kwa mdomo tu, mpaka alipougua ini Mei 1979, akalazwa, na kufariki tarehe 2 Agosti 1979 alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zetu wa Dadamu kule Arua, wenzake wachongaji, na mama Hajara aliyemlisha kwa kijiko miezi yote ile vidole vilipokuwa vimefungwa.

Wewe Bwana Jale, uliyekuja leo na kitambaa cheusi mkononi, ukakaa mbele kama ndugu, sukari uliyotuletea ya rambirambi iko pale mlangoni, mama hakuifungua, tafadhali uondoke nayo kabla hatujamzika.

Baba, ulale salama.